Ufunguo Uliofichwa Kichwani na Amri ya Mahakama

Dalali wa mahakama anayekwenda kukazia hukumu huwa na kitu cha kukamata: gari, nyumba, kiwanja, au fedha zilizo benki, na benki ikipokea amri huizuia akaunti bila kusubiri ridhaa ya mdaiwa. Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza kutumika Januari 2009, haina benki ya kupelekewa amri hiyo, kwa kuwa daftari la miamala yake limetawanywa katika kompyuta nyingi duniani, na anayeweza kuihamisha ni mwenye ufunguo binafsi tu, yaani namba ya siri ndefu mno ambayo pochi nyingi huihifadhi kwa njia ya maneno 12 au 24 ya kawaida. Mtu akiyakariri maneno hayo kisha akaichoma karatasi, mali yote imehamia katika kumbukumbu yake, na hapo swali la sheria hugeuka kuwa swali la dhamiri: je, kisichofikiwa na mkono wa hakimu kimekuwa halali ya aliyekificha?

Mwaka 2021 waendesha mashtaka wa Kempten, nchini Ujerumani, walieleza kwamba walikuwa wamekamata bitcoin zaidi ya 1,700, zenye thamani iliyopita euro milioni 50, za mtu aliyeingiza kwa siri programu katika kompyuta za watu wengine ili zimzalishie sarafu hiyo. Alihukumiwa, akatumikia kifungo chake, akatoka, na nywila hakuitaja. Dola ilibaki na pochi isiyofunguka.

Wanaotetea ukimya wa namna hiyo wana hoja nzito, kwani nafsi ndiyo ngome ya mwisho ya mtu mbele ya dola, na sheria inayojiruhusu kuchimbua kumbukumbu haiko mbali na mateso. Kwa sababu hiyo Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani humkinga mshtakiwa asilazimishwe kujishuhudia, ingawa Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, anayekaidi agizo la kutoa ufunguo wa data iliyofumbwa huweza kufungwa. Hata hivyo, kinga hiyo ni ya ulimi, na haimmilikishi mtu mali aliyoinyamazia.

Fiqhi ya Kiislamu ililipambanua jambo hili zamani: kadhi huhukumu kwa yaliyo dhahiri, na siri za nyoyo zi kwa Mwenyezi Mungu, na katika hadithi iliyopokewa kwa Umm Salama, Mtume (S.A.W.) aliwaonya wanaogombea haki kwamba anayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu iliyotolewa haiwezi kumhalalishia mtu mali ya mwenzake, sembuse hukumu iliyoshindwa kutekelezwa! Kutwaa mali kwa dhuluma, ambako wanazuoni hukuita ghasbu, huacha deni katika dhima ya mtwaaji, na toba yake haikamiliki mpaka airudishe, madhali anaweza.

Amri ya dola dhalimu dhidi ya mali ya halali ni suala jingine, na ukimya hapo waweza kuwa haki tupu. Ama aliyeichuma mali kwa migongo ya watu, kifungo amekimaliza, deni hajalilipa.