Pointi saba na nukta mbili

Kijana mmoja wa klabuni kwetu alikuwa akitembea na karatasi ya shabaha kwenye pochi. Ameikunja mara nne, na kila akimpata mtu wa kumwonyesha huikunjua polepole kama cheti cha kuzaliwa. Katikati pana matundu matatu yaliyoingiliana. Sarafu ya shilingi ingeyafunika na nafasi ikabaki. "Kocha, bunduki hii haikosi," aliniambia. Wiki mbili baadaye akaenda kwenye shindano lake la kwanza, akarudi na alama asizotaka kuzitaja, na maelezo tele: risasi mbovu, upepo, jirani aliyekuwa akikohoa. Nikamketisha, nikamsimulia habari za Matthew Emmons. Naziandika na hapa, maana nimewaona vijana wengi wakiuacha mchezo huu wakiamini wameuziwa bunduki mbovu, wengine wakiamini wamerogwa, na bunduki ni nzima, wala hakuna aliyewaroga.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 22 Agosti 2004, huko Markopoulo, nje kidogo ya Athens. Fainali ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50, mikao mitatu. Mashindano hayo siku hizo yalikuwa ya kuchosha kwelikweli: risasi 40 mtu amelala kifudifudi, 40 amesimama, 40 amepiga goti, kisha wanane bora wanarudi kupiga risasi 10 za mwisho wakiwa wamesimama, mkao mgumu kuliko yote. Emmons, Mmarekani wa miaka 23, alikuwa na dhahabu tayari. Siku mbili kabla alikuwa ameshinda shindano la kulala kifudifudi, tena kwa bunduki ya kuazima, kwa sababu yake mwenyewe iliharibiwa kwa makusudi miezi michache kabla ya michezo. Nilimwomba kijana wangu alishike hilo la kuazima, asije akalisahau tutakapofika mbele.

Risasi tisa za fainali zimekwisha. Emmons anaongoza kwa pointi tatu. Imebaki moja tu, na matokeo yalipokamilika ilionekana wazi kwamba 7.2 ingemtosha kuchukua dhahabu ya pili.

Saba na nukta mbili ni kitu gani? Duara la kumi kwenye shabaha ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, karibu sawa na kitufe cha shati. Kila duara linalofuata linapanuka milimita 8 kila upande. Kwa hiyo kupata 7.2, risasi ipite tu ndani ya sentimita tatu kutoka katikati. Kwa mlengaji wa kiwango kile, saba katika siku ya kawaida ya mazoezi ni ajali. Hairudi nyumbani bila kujadiliwa. Aliyekuwa akitafuta kitufe cha shati siku zote sasa ameambiwa apige mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa.

Akafyatua. Skrini yake haikuonyesha kitu. Akageuka kuwaita waamuzi, akidhani mtambo umekwama. Waamuzi wakakusanyika, wakazungumza, na mwishowe ikatangazwa: risasi imeonekana, lakini kwenye shabaha ya nafasi ya 3, ya Mwaustria Christian Planer. Emmons alikuwa nafasi ya 2. Na risasi yenyewe ilikuwa nzuri vya kutosha: 8.1. Kwenye shabaha yake ingempa ushindi. Kwenye shabaha ya mwenzake, sheria inasema sifuri. Dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China, na aliyekuwa wa kwanza akawa wa nane kati ya wanane.

Alieleza mwenyewe baadaye. Kawaida yake ilikuwa kuitazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, ndipo ashuke hadi kwenye duara jeusi. Mara ile akili yake yote ilikuwa kwenye kujituliza, akaanzia moja kwa moja kwenye duara. Jambo la nusu sekunde, alilolifanya mara maelfu bila kulifikiria, likaruka siku ile moja.

Hapo kijana akanikatiza. "Lakini Kocha, huyo alikosea shabaha. Mimi sikukosea shabaha."

Ni kweli, na ndiyo maana nikamwambia aitoe ile karatasi.

Matundu matatu. Aliyapiga ameketi mezani, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, alfajiri, bendera ya uwanjani imening'inia kama nguo iliyolowa. Alipiga risasi ya kwanza, akapumzika, akanywa maji, akapiga ya pili alipojisikia. Nikamuuliza alipiga makundi mangapi asubuhi ile. Sita. Na hayo matano mengine yako wapi? Aliyatupa. Basi karatasi ile ilikuwa inasema kweli kuhusu mtutu na risasi zake, kwamba vikiachwa vifanye kazi bila mtu kuvisumbua vinaweza kufika hapo. Juu yake yeye haikuwa imesema lolote. Tena hata kuhusu mtutu ilikuwa imepunguza maneno: kundi la risasi tatu hudanganya kwa udogo wake. Bunduki ileile, risasi zilezile, ukipiga kumi badala ya tatu, kundi litapanuka kwa wastani kama mara moja na nusu, bila yeyote kukosea. Zile saba za ziada zinapata nafasi ya kuonyesha pembe ambazo tatu hazikuzifikia.

Sasa ondoa mifuko ya mchanga. Simama. Bunduki ya kilo kadhaa inakaa juu ya mifupa yako, na kila pigo la moyo linafika kwenye mtutu. Weka upepo: risasi ya milimita 5.6 ni nyepesi na haina mbio nyingi, hata upepo wa kutikisa leso unaweza kuisukuma duara zima au zaidi kabla haijafika mita 50. Weka saa inayohesabu na huwezi kuiambia isubiri unywe maji. Weka na jirani anayekohoa. Yule jirani hakuwa hujuma. Ndiye shindano lenyewe. Kijana alikwenda akitarajia milimita za mezani, na risasi ya nne ilipotoka nje alianza kuigombeza bunduki, akageuza skrubu za kulengea, akazigeuza tena. Alipofika ya kumi alikuwa akipigana na vitu vitatu ambavyo havikuwepo.

Nikamrudisha kwa Emmons, maana habari yake haikuishia Athens. Beijing, 2008, shindano lilelile. Anaongoza kwa pointi 3.3, imebaki risasi moja, inatosha 6.7. Mara hii namba aliitazama. Alikuwa akishuka kutoka juu kuelekea katikati, kidole kikianza tu kukigusa kifyatulio, bunduki ikalia kabla yake. Vifyatulio vya bunduki za mashindano uzito wake hupimwa kwa gramu. Kidole kikitetemeka kidogo, basi. Alipata 4.4, kama sentimita tano kutoka katikati. Qiu Jian wa China akachukua dhahabu, Emmons wa nne.

London, 2012. Miaka miwili kabla alikuwa ameondolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani. Risasi ya mwisho yuko wa pili, anapata 7.6, anashuka hadi wa tatu. Alipokea shaba, na aliipokea kwa furaha.

"Mtu yule," nikamwambia kijana, "kwa bunduki ya kuazima alikuwa bingwa wa Olimpiki. Sasa jiulize 4.4 ilitoka kwenye mtutu gani."

Hakujibu. Alikaa akiitazama ile karatasi, akaikunja, akaondoka, na nikadhani hatarudi.

Alirudi baada ya mwezi, adhuhuri, upepo ukivuma kutoka kulia. Nilimkuta mstarini amesimama, saa ya simu ikihesabu karibu na mguu wake, na amemwomba mdogo wake akae nyuma apige gumzo. Alipiga ishirini bila kuacha hata moja nje ya hesabu. Akaniletea karatasi. Matundu yalikuwa yametapakaa kama mtama uliomwagwa, mengi kwenye nane na tisa, na moja peke yake chini kushoto, kwenye tano. Hilo alilizungushia kalamu nyekundu, na pembeni akaandika kwa mkono wa haraka: *ya 17, nilikuwa nahesabu alama.*