Ilimu Iliyozidi Kazi: Je, Yafaa Kufichwa?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyegawanya riziki na akawaamrisha waja wake waitafute kwa njia ya halali. Na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika miji ya pwani, Mombasa na Lamu, Tanga na Unguja, wako vijana waliosoma mpaka wakapata shahada kubwa, kisha wakakosa kazi iliyo sawa na masomo yao. Mmoja wao huenda akaomba ukarani wa ghala. Tajiri mwenye kazi akizitazama karatasi zake husema: huyu amesoma kupita kazi hii, ama hatakaa, ama atataka ujira usiowezekana. Hurudi mikono mitupu, na watoto wamngoja nyumbani. Ndipo rafiki humnong'oneza: mara ya pili ifiche shahada, useme umekomea skuli. Je, shauri hili lafaa?

Jawabu yake yataka kupambanuliwa. Ghishi iliyoharimishwa ni kuficha aibu ya kitu, na ilimu si aibu. Basi mwenye kutaja yale tu ambayo kazi yayahitaji, wala hakuulizwa zaidi, hana lawama. Lakini akiulizwa masomo yake yote, akakana, au akatia sahihi kuwa hana zaidi ya hayo aliyoyaandika, huo ni uwongo. Wala dhiki haiuhalalishi maadamu iko njia nyengine ya kweli, na njia hiyo ipo.

Nabii Musa, alayhi ssalaam, alilelewa katika nyumba ya Firauni, kisha akafika Madyan hana kitu, akaajiriwa kuchunga. Nani aliyezidi kazi yake kuliko yeye? Sura ya Al-Qasas yaeleza ya kuwa binti wa yule mzee alimsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu, nayo ndiyo yaliyotakiwa na kazi. Kisha mzee na Musa wakapatana muda: miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa alitimiza muda ulio mrefu.

Hapa pana dawa ya khofu ya tajiri. Khofu yake si ya upuzi, kwani mwenye kuondoka baada ya miezi miwili humtia khasara ya kufundisha mtu mwengine. Basi mwombaji asingoje kushukiwa. Na aseme mwenyewe: nitakaa mwaka mmoja, au miwili, na iandikwe. Lakini asitaje muda ambao moyoni mwake hakuukusudia, kwani ahadi ni deni.

Na siku ya kuulizwa maswali, kiburi na unyonge vyote viwili ni maradhi. Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, alipotaka kuwekwa juu ya hazina za Misri, hakujifakhiri kwa nasaba yake ya Mitume; alitaja ulinzi na ujuzi, ambazo ndizo sifa za mtunza hazina. Vivyo hivyo mwenye kuomba ukarani wa ghala na aeleze hesabu yake na uaminifu wake, asimhutubie tajiri kama mwanafunzi wake. Na kabla ya kwenda, aijue kazi yenyewe, aulizie ujira wake mjini, na apime gharama za nyumba yake, kisha amtake Mola wake shauri kwa istikhara.

Ama ujira, wako wenye kuona haya kuutaja, wakadhani ndiyo uchaji. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj ya kuwa ujira sharti ujulikane. Na mshoni aliyepewa nguo akaishona bila ya ujira kutajwa, kauli aliyoitanguliza ni kuwa hana kitu. Haya ya saa moja huzaa ugomvi wa mwaka. Na Abu Bakr Siddiq, aliposhika ukhalifa mwaka 632, alitoka kwenda sokoni na nguo zake za biashara. Sahaba wakamkatia posho katika Baitul Mali, naye akaipokea. Haikumpunguzia daraja.

Lakini ujira ni wa kazi, si wa shahada. Mwenye kuandika mizigo ataka ujira wa waandika mizigo, ujapokuwa ujuzi wake wafaa kwa ukadhi. Akidai zaidi kwa sababu ya miaka aliyosoma, amtaka tajiri alipe kitu asichokinunua. Na tajiri naye asimpunguze chini ya wenziwe kwa kuiona dhiki yake. Wala asimwajiri kwa ukarani kisha akamtumia kufasiri barua na kusimamia mahesabu ya duka zima. Hiyo ni kazi nyengine, nayo yataka mapatano mengine. Haya yote yasemwe kabla ya mkono kupeanwa.

Basi ilimu iliyozidi kazi si mzigo wa kufichwa wala deni la kudaiwa. Ni amana, na dalili yake ni kuwa mwenyewe husema kweli penye maswali, husema wazi penye ujira, na hutimiza muda aliouahidi. Kazi ikikosekana kwa ukweli, riziki haikukatika; na kazi ikipatikana kwa uwongo, kila siku ya kazi hiyo ni khofu ya kugunduliwa.

Wallahu aalam.