Kitanda cha mtoto na njia ya kukimbia

Kuna swali ambalo linarudi kwetu kila mwaka wa vita: je, ni haki mtu kukimbia na kitanda cha mtoto, na yule mtoto mwenyewe amekwisha kuwa mtu mzima? Wengine wanasema ni upumbavu. Wengine wanasema ni heshima. Tujaribu kupima pande zote mbili.

Kwanza tuseme ukweli juu ya desturi. Kwetu huku Hombo, kwenye mpaka wa Walikale na Kalehe, kitanda cha mbao cha mtoto si kitu cha asili. Mtoto wa zamani alilala na mama yake, na mchana alikuwa mgongoni. Jirani zetu wa Masisi wenye kusema Kinyarwanda wanaita ile ngozi ya kubebea mtoto ingobyi, na jina lile lile wanalipa machela ya kupelekea mgonjwa hospitali. Hapo kuna akili kubwa: jina linafuata kazi ya kubeba mtu asiyeweza kutembea, iwe kwa ngozi, iwe kwa miti.

Kitanda kilikuja nyuma, na mafundi wenye randa na misumari. Baba anatafuta mbao za libuyu, seremala anazichonga, mtoto wa kwanza analala, anamwachia wa pili, kisha kinaenda kwa shangazi na kurudi. Jamaa nyingi hawakitengenezi mara mbili. Njo maana kinapendwa.

Lakini siye tuko watu wa njia. Mwezi wa tatu 1993 vita vilianzia Ntoto. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, na mwisho wa 1996 umati wao ulipita hapa kwenye daraja la Hombo kuelekea Walikale. Mwaka 1998 vita vingine. Mwezi wa tatu 2025, M23 walipoingia Walikale, watu waliingia porini tena. Kila mara jamaa inachagua: sufuria, jembe, chumvi, na nini tena?

Wanaokataa kitanda wana haki yao. Kitu kinatengenezwa upya, mtu hapana. Mimi naongeza swali moja: ni nani anakibeba? Baba njo anasema, "Hiki kilinilaza mimi." Lakini mama ana mtoto mgongoni na mzigo kichwani, basi kitanda kinaangukia binti wa miaka 12. Upendo wa baba unaobebwa na shingo ya binti ni amri tu.

Wanaokubali nao wana haki. Kuna jamaa ambao walichora alama kwa kisu chini ya ubao, alama moja kwa kila mtoto aliyezaliwa. Karatasi ziliungua, makaburi ya wazee yalibaki nyuma, ubao ukabaki. Ndani ya zile alama kuna watoto ambao hawakuishi, na hakuna pahali pengine walipoandikwa. Kumwambia mama atupe ubao ule ni kumwambia asahau kwamba alizaa.

Wagiriki walikuwa na swali la namna hii. Plutarch anaandika juu ya chombo cha Theseus, ambacho watu wa Athene walikitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wenye hekima wakabishana: je, ni chombo kile kile? Kitanda chetu kiko sawa vile. Mguu umefanywa upya Bunyakiri, ubao wa kichwani Itebero. Je, ni kitanda cha babu? Mimi najibu: ndiyo, kama watoto wanaendelea kulala ndani. Kikifungwa chumbani, hata kama misumari yote ni ya kwanza, kazi yake imekwisha, na kwa desturi yetu jina linafuata kazi.

Kutoka hapo naona mambo matatu ya kushika. La kwanza, anayekipenda akibebe mwenyewe. Kama hawezi, akiache bila kumlaumu mtu. La pili, njia ikiwa ndefu, ubao wenye alama unatosha. Mbao zingine zitapatikana mbele, kwa maana pori letu halijakosa miti. La tatu ni gumu zaidi. Ukifika ugenini, na jirani amezaa, mtoto wake alale ndani, hata kama si wa kabila lako.

Hapo njo kuna mtihani wa kweli. Tunajua namna makabila yetu yalivyoachana njia tangu 1993. Mtu aliyebeba kitanda siku tano, halafu anamnyima mtoto mchanga kwa sababu ya lugha ya mama yake, amebeba mbao tu. Wahenga walisema mtu ni watu, na hawakutaja kabila.

Na yule mtoto wa jirani akilala, baba wa nyumba achukue kisu na kuongeza alama yake chini ya ubao, karibu na za watoto wetu. Siku moja mjukuu atazihesabu, na hatajua ni ipi ya nani.