Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana dukani, mwenye duka anapokopesha unga na sukari bila ya kuandika. Lakini ipo mali nyengine inayostahiki zaidi onyo hili, nayo ni sarafu za kale. Sarafu yaweza kutunzwa vyema, ikafutwa vumbi, ikalazwa juu ya mahameli, na bado ikawa imepotea. Kwani kinachopotea si shaba wala fedha, bali ni habari yake.

Msomaji na amfikirie mzee mmoja aliyestaafu, mkaazi wa Mbezi Beach. Alasiri, upepo wa bahari unapoanza kuvuma, hukaa barazani na kuufungua mkebe wake wa biskuti. Ndani yake mna sarafu ya fedha ya Athens: upande mmoja kichwa cha Athena, mungu wa kike wa hekima, na upande wa pili bundi wake. Mna sarafu ya Tarentum, mji wa kusini mwa Italia, yenye kijana aliyempanda pomboo. Visasili vya Wayunani husema pomboo ndiye aliyemwokoa baharini. Mna pia sarafu ndogo ya shaba ya Warumi wa zama za Kaisari Constantine, mnamo miaka ya 330, yenye mbwa mwitu jike anayewanyonyesha Romulus na Remus, pacha wanaosimuliwa kuwa waasisi wa mji wa Roma. Chini kabisa, imefungwa katika kipande cha karatasi, imo sarafu nyeusi ya shaba isiyo na picha yoyote. Hiyo aliuziwa na mvuvi. Ni sarafu ya Kilwa.

Mzee huyo ni wa kubuni, lakini suala lake ni la kweli: je, mtu huyu ni mhifadhi au ni mporaji?

Utetezi wake hauna budi kusikilizwa kwanza. Sarafu za Athens na za Roma zilipigwa kwa wingi mno. Nyingi ziliyeyushwa na wafua vyuma, na zilizosalimika zilisalimika kwa sababu walitokea watu walioziona kuwa na thamani kuliko uzito wake. Tena kumbukumbu ya visasili haikai vitabuni peke yake. Mtu amshikaye mkononi bundi wa Athena hujifunza jambo ambalo vitabu havimpi: kwamba ndege huyu, ambaye pwani akilia juu ya paa watu huogopa kisirani, kwingineko alikuwa alama ya busara. Kupenda kitu cha wengine ni mlango wa kuwafahamu wengine. Basi kosa liko wapi?

Kosa, kama lipo, halimo katika kupenda. Limo katika swali ambalo mpenzi hakuuliza: hii imetoka wapi? Wayunani wa kale walikuwa na desturi ya kumtilia maiti sarafu kinywani, iwe nauli ya Charon, mvushaji wa roho katika mto wa kuzimu. Sarafu nyengine zilizoko sokoni leo zilichimbuliwa makaburini. Anayeinunua bila ya kuuliza huenda ananunua nauli ya maiti. Wapwani hawahitaji kwenda Uyunani kulifahamu jambo hili. Kaskazini ya Mbezi Beach, pale Kunduchi, yapo makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ambayo wajenzi wake waliyapamba kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Bakuli zilipong'olewa, yalibaki matundu. Bakuli iliyong'olewa na kuwekwa kabatini bado ni nzuri, lakini haimtaji tena maiti wake.

Hapo ndipo hasara inapoonekana kuwa ni ya watu wote. Kusini ya Mbezi Beach, pale Msasani, inasimuliwa kwamba mwaka 1901 Mjerumani mmoja alinunua sarafu ya mfalme wa ukoo wa Ptolemy, ukoo wa Kiyunani uliotawala Misri hadi mwaka 30 kabla ya Kristo. Kama sarafu hiyo ilitoka katika ardhi ya Msasani, ingekuwa shahidi mkubwa. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na wataalamu wangali wakiutafuta mji huo. Lakini hakuna aliyeandika sarafu ile ilichimbuliwa shimo gani, kwa kina gani, pamoja na vigae gani. Yumkini ililetwa na jahazi la kale; yumkini ililetwa na msafiri wa jana yake. Shahidi alifika mahakamani, akakosa kuapishwa.

Na ulinganishwe mkasa huo na ule wa Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 ilifukuliwa hapo hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogondogo, zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za mbali. Sarafu za fedha hazikuandikwa mwaka. Dinari ziliandikwa. Kwa kuwa zote zilikutwa pamoja, zile za kigeni ziliwatolea ushahidi za wenyeji, ikajulikana kwamba watu wa Pemba walikuwa wakitumia sarafu zao wenyewe tangu karne ya 11. Lau hazina ile ingeokotwa usiku na kuuzwa mojamoja, dhahabu ingekwenda kwa sonara, fedha ingekwenda kwa watalii, na karne nzima ya historia ingefutika bila ya mtu kujua kuwa imefutika.

Wapenzi wa ushairi watalielewa jambo hili kwa njia nyepesi zaidi. Sarafu za Kilwa hazina picha ya mungu wala ya mfalme. Zinafuata mkondo uliowekwa na Khalifa Abd al-Malik mwishoni mwa karne ya 7, alipoondoa sura na kuweka maneno. Upande mmoja pana jina la sultani. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mola. Na pande hizo mbili zina kina kimoja. Mtu husoma upande wa kwanza, akaigeuza sarafu kiganjani, na kina humjibu. Ni kama ukwapi na utao wa mshororo. Sasa, sarafu na ardhi iliyoificha nazo ni vipande viwili vya mshororo mmoja. Anayezitenganisha hakuiba shairi zima, lakini amelivunja, na kipande alichobaki nacho hakina cha kuitikia.

Si kwamba kila aokotaye ni mwizi. Mwaka 1944 askari wa Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, pamoja na nyengine za Kiholanzi. Hakuzijua ni nini, lakini aliiweka alama ya mahali hapo katika ramani. Kwa sababu ya alama hiyo, mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi ufukweni hapo kutafuta majibu. Tofauti ya askari huyo na mnunuzi wa Msasani si elimu, wala si mapenzi. Ni kalamu.

Basi mzee wa Mbezi Beach afanye nini na mkebe wake? Huenda akadhani deni lake kubwa ni kwa bundi wa Athens, kwa kuwa ndiye wa bei kubwa. Sivyo. Deni lake kubwa ni kwa ile shaba nyeusi aliyoinunua kwa bei ya samaki wawili. Sheria ya mambo ya kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Lakini kabla ya sheria ipo amana. Mvuvi aliyeiuza yungali hai. Anaukumbuka ufukwe, anaukumbuka mwezi, anakumbuka kama zilikuwamo nyengine. Siku atakapofariki, daftari litazikwa pamoja naye. Wala haitoshi mzee kuandika kisha akaendelea kununua, maana bei yake ndiyo inayolinoa jembe la mchimbaji wa kesho.

Na aende akamuulize mvuvi, aandike, kisha aipeleke sarafu na karatasi yake Makumbusho. Atarudi barazani na mkebe uliopungua shaba moja. Mikononi mwake ilikuwa milki isiyo na habari. Ikishaandikwa na kufikishwa, itakuwa habari ya watu wote. Bundi wa Athens atabaki naye, na kila atakapomtazama, atamuuliza swali lile lile alilomuuliza mvuvi.