Amri Iliyotoka Mbali

Banda letu la gemu lilikuwa Mfaranyaki, Songea, limebanana na fundi baiskeli upande mmoja na mama muuza vitumbua upande wa pili. Nasema letu, ingawa kwa miaka mitatu nililihesabu kuwa langu. Hela ilikuwa yangu, naituma kutoka Dar es Salaam. Mikono ilikuwa ya mdogo wangu. Nikitafuta siku lilipovunjika, siioni nyingine ila Ijumaa moja usiku niliposhika simu na kutoa amri.

Tulianza mwaka 2018, mwaka ambao umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea kwa njia ya Makambako. Kabla ya hapo mji uliishi kwa jenereta za dizeli, na nani angethubutu kuweka mtaji kwenye mashine inayozimika mchezaji akiwa ana kwa ana na kipa? Tulikuwa na PlayStation 2 tatu, televisheni tatu za kichogo na benchi mbili. Mdogo wangu aliweka taratibu zake mwenyewe. Mechi ilikuwa shilingi mia mbili, mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka. Mwenye sare ya shule haingii kabla ya saa tisa na nusu mchana. Kila Jumamosi kulikuwa na mashindano. Na alikuwa na daftari la jalada gumu lenye majina, madeni na zamu. Mtoto asiye na hela leo aliandikwa, akacheza, na kesho alileta. Mimi nililiona daftari lile kama shimo la kupotezea fedha.

Mwaka 2021 nilinunua PlayStation 4 mbili Kariakoo, nikazipakia kwenye basi, kisha nikampigia simu. Kuanzia kesho mechi ni shilingi mia tano. Hakuna kukopesha. Mashine za zamani zitolewe. Tena nimepata kijana wa kusimamia hesabu, mtoto wa mwenzangu kazini, kwa hiyo wewe utakuwa msaidizi wake. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kaka, kesho kuna mashindano. Watoto wameshalipa." Nikamjibu, "Warudishiwe."

Hawakurudi. Jumatatu ile msimamizi mpya alinitumia picha ya benchi tupu, na kufikia Krismasi tulikuwa tunauza viti.

Baada ya hapo nilianza kusoma habari za kampuni zinazotengeneza mashine hizi. Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Ukimtajia mtoto wa Songea neno sega, atafikiria asali ya nyuki. Hajui kwamba kuna kampuni ya Japani yenye jina hilo, iliyowahi kuwa juu ya wote Marekani wakati Sony haijaanza hata kuuza mashine ya gemu. Iliondokaje kabisa kwenye biashara ya mashine? Nilichokikuta kilinikosesha usingizi, maana nilikuwa nakijua.

Mwaka 1990 rais wa Sega, Hayao Nakayama, alikwenda kumtafuta Mmarekani mmoja aitwaye Tom Kalinske, aliyewahi kuongoza kampuni ya wanasesere wa Barbie. Alimkuta ufukweni Hawaii, yuko likizo na familia yake. Alimpa tawi la Marekani. Kalinske alilitazama soko kwa miezi kadhaa, kisha akaenda Tokyo na mapendekezo yaliyowaudhi wakubwa: punguzeni bei ya mashine, toeni mchezo mnaowapa wanunuzi bure na muweke ule mpya wa Sonic, mniruhusu kuajiri watu wa kutengeneza michezo Marekani, na tuishambulie Nintendo hadharani kwenye matangazo. Kalinske amesimulia mara nyingi kwamba bodi ilikataa yote. Nakayama akainuka kutoka, akafika mlangoni, akageuka. Alisema amemwajiri mtu huyu ili aamue mambo ya Marekani, basi na afanye anavyoona.

Kwangu kisa kizima cha Sega kiko mlangoni pale. Mwenye mamlaka alisikia mpango asioupenda, na bado akamwachia aliye karibu na mnunuzi. Sonic alitoka mwaka 1991, na Sega, ambayo Nintendo haikuwa ikiihesabu, ikaipita katika soko la Marekani.

Kilichofuata ni kunyang'anywa kwa ruhusa ileile, kidogo kidogo. Kuna ukweli hapa ambao wasimuliaji wengi wanauruka: watu wa Tokyo hawakuwa wajinga. Mashine ya Mega Drive iliyotamba Marekani ilikuwa ikishindwa nyumbani Japani. Kwa hiyo makao makuu yaliona mtoto wa mbali ananenepa wakati nyumbani kuna njaa, na yalikuwa na haraka ya kuleta mashine mpya, Saturn. Ukikaa Tokyo haraka hiyo ina mantiki, na kweli Saturn iliuzika vizuri Japani. Amri mbaya huwa na akili yake kule inakotoka. Hata yangu ya shilingi mia tano ilikuwa sahihi kabisa Dar es Salaam.

Mwezi Novemba 1994 mambo mawili yalitokea pamoja. Japani, Sega iliingiza Saturn sokoni. Marekani, Sega hiyohiyo iliuza kifaa cha kupachika juu ya mashine ya zamani, kiitwacho 32X, kwa dola 159. Mzazi aliyemnunulia mwanawe 32X wakati wa Krismasi alikuwa amenunua kitu ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imeshaanza kukipa kisogo upande wa pili wa bahari. Kufikia 1996 kilikuwa kimeachwa. Huyo mzazi ndiye ninayemfikiria zaidi. Hakujua Kalinske ni nani wala Nakayama ni nani. Alichojua ni kwamba safari ijayo Sega ikisema nunua, atasubiri kwanza.

Kisha ikaja siku ya Los Angeles. Wauzaji walikuwa wameambiwa Saturn itaingia madukani Marekani tarehe 2 Septemba 1995. Tarehe 11 Mei, kwenye maonyesho makubwa ya gemu, Kalinske alipanda jukwaani na kutangaza kwamba mashine iko madukani tayari, leo, kwa dola 399. Agizo lilikuwa la Tokyo, nia ikiwa kuiwahi Sony. Mashine zilizokuwepo zilikuwa 30,000 tu, na zilipelekwa kwa kampuni nne za maduka. Waliobaki walipata habari kama watu baki. KB Toys, waliokuwa na maduka mengi ya vitu vya kuchezea watoto, walikasirika na kuacha kuuza bidhaa za Sega. Watengenezaji wa michezo waliokuwa wamejipanga kwa Septemba walikuwa hawana cha kuuza. Siku hiyohiyo mtu wa Sony, Steve Race, aliitwa kuzungumza. Alifika kwenye kipaza sauti, akataja namba moja, 299, akarudi kukaa. PlayStation ilikuwa nafuu kwa dola mia moja.

Niliposoma habari ya wauzaji walioachwa nje niliweka simu chini. Niliwaona watoto wa Mfaranyaki wamesimama mlangoni Jumamosi asubuhi, kila mmoja ameshalipa, wanaambiwa mashindano hayapo.

Tangu hapo viongozi wa Sega walianza kubadilishwa kama betri. Julai 1996 ilitangazwa kwamba Kalinske anaondoka. Shoichiro Irimajiri, mhandisi aliyetoka Honda, alishika Marekani, na akaletwa Bernie Stolar kutoka Sony. Mwaka 1997 Stolar alisema waziwazi kwamba Saturn siyo mustakabali wa Sega, wakati mashine yenyewe bado iko rafuni inauzwa. Huenda alisema kweli. Lakini fikiria mwenye duka anayeisikia kauli hiyo na stoo yake imejaa. Mwaka 1998 Nakayama mwenyewe aliacha urais, Irimajiri akaingia. Mashine mpya, Dreamcast, ilitoka Japani mwishoni mwa mwaka huo.

Stolar ndiye aliyeiandaa kwa ajili ya Marekani, uzinduzi ukipangwa tarehe 9 Septemba 1999. Mwezi Agosti, wiki chache kabla ya siku hiyo, aliondolewa. Peter Moore akapokea kazi iliyopikwa na mwingine. Na mashine ilikuwa nzuri! Katika saa 24 za kwanza iliuzwa zaidi ya 225,000 Marekani. Lakini wanunuzi wengine walikuwa na kumbukumbu ya 32X na Saturn, na Sony ilikuwa imeshatangaza PlayStation 2 inayocheza na filamu za DVD. Watu waliamua kusubiri. Mei 2000 Irimajiri alimpisha Isao Okawa, tajiri mwenye hisa, mzee mgonjwa. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza mashine za gemu. Okawa aliirudishia kampuni hisa zake zenye thamani ya dola milioni 695 hivi na kuisamehe deni alilokuwa anaidai. Alifariki Machi 16 mwaka huohuo. Kampuni ilinusurika kama mtengenezaji wa michezo tu, na Sonic leo anakimbia ndani ya mashine za Nintendo.

Watu husema Sony ndiyo iliyoiua Sega. Sikubali. Sony ilikuta mlango uko wazi.

Linganisha na Nintendo. Hiroshi Yamauchi alirithi kampuni ya babu zake mwaka 1949 akiwa kijana, ikitengeneza karata, akaiongoza kwa zaidi ya miaka 50. Mtu mkali, aliyezoea neno lake kuwa la mwisho. Lakini mwaka 2002 hakumrithisha ndugu. Alimpa Satoru Iwata, mwandishi wa programu. Iwata alipokosea na mashine ya Wii U, ambayo haikufika mauzo ya milioni 14, alijikata nusu ya mshahara wake, na wafanyakazi wakaendelea na kazi iliyofuata. Julai 2015 alifariki kwa saratani akiwa na miaka 55. Kampuni ingeweza kuyumba. Lakini mashine ambayo ingekuja kuitwa Switch ilikuwa tayari mezani, na Tatsumi Kimishima, mtu aliyetoka benki, aliipokea kama ilivyokuwa, bila kuigeuza ili ionekane yake. Ilitoka Machi 2017. Mwaka 2018 akamkabidhi Shuntaro Furukawa na kupumzika. Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150. Sijui kazi ngumu kuliko ya Kimishima: kukaa kwenye kiti cha marehemu na kuacha vitu vyake mahali alipoviweka.

Sisi wa Songea tungepaswa kuyajua haya kabla ya wengine. Kila Februari 27 tulipokuwa shule tulipelekwa Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, tukafundishwa juu ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, na wenzake walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Lakini namna Wangoni walivyofika hapa ni habari ya urithi. Kiongozi wao, Zwangendaba, aliwavusha watu wake mto Zambezi mwaka 1835 na kuwaleta hadi Ufipa, bila kugawanyika sana. Alipofariki karibu mwaka 1848 lilizuka swali la nani arithi. Wengine walikwenda upande wa Zambia ya leo, wengine Malawi, wengine kaskazini hadi Usumbwa, na wengine wakaja huku Ruvuma. Hata huku zikasimama falme mbili, Njelu na Mshope. Nilikua nikisimuliwa safari ile kama ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Nilichokuwa sijakiona ni akina mama waliofunga mizigo upya kwa sababu warithi hawakuelewana.

Mwaka jana nilirudi nyumbani kwa msiba wa shangazi. Siku ya tatu nilishuka peke yangu hadi Bombambili, ambako mdogo wangu amefungua banda lake mwenyewe kwa mashine alizonunua moja moja. Hakuniomba hela hata mara moja. Nilisimama mlangoni. Ndani walikuwa vijana kama kumi na wawili, kelele tupu, pedi mbili zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Juu ya meza lilikuwepo daftari la jalada gumu, lilelile, kurasa za Mfaranyaki bado zimo, na nilitambua majina kadhaa ya watoto niliowafukuza, sasa yakiwa kwenye kurasa mpya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ile Ijumaa. Alitikisa kichwa taratibu, akafuta vumbi kwenye benchi kwa kiganja. Nikatoa shilingi mia mbili nikaziweka mezani, nikauliza kama ninaweza kucheza. Alizichukua, akaandika jina langu chini ya mengine, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Wewe ni wa nne," alisema. "Kaa hapo, usubiri zamu."

Nikakaa.