Mizani ya Uongo na Mchanga wa Guniani

Liko swali moja ambalo washarika wa nchi ya pamba huwauliza walimu wao kila mwaka, msimu wa kuuza ukifika. Swali ni hili: mnunuzi mwenye mizani ya uongo akimpunja mkulima, je, ni dhambi mkulima naye kutia maji au mchanga katika pamba yake, apate kurudishiwa kile alichonyang'anywa? Wengine huuliza kwa kucheka, lakini wengi huuliza kwa uchungu wa kweli. Kwa hiyo haifai tuwajibu kwa neno moja tu la "ndiyo" au "siyo", kisha tuende zetu.

Kwanza tuukubali uchungu wao, maana una sababu. Mkulima wa Shinyanga au wa Simiyu hupanda mvua za Novemba zikianza. Hupalilia, hurudia kupalilia, hupigana na funza wa vitumba, tena huchuma kwa mikono, tumba kwa tumba. Kisha huketi yeye na mkewe na watoto kuchambua, safi mbali na fifi mbali. Kazi hii ni ya miezi mingi, lakini malipo yake ni ya siku moja, yaani siku ya mizani. Akipunjwa siku ile, hana siku nyingine mpaka mwaka wa pili. Tuseme kwa mfano mizani yala kilo 5 katika kila kilo 100. Mwenye kilo 1,000 atakuwa amelima kilo 50 bure, na karo ya mtoto huenda ilikuwa katika kilo zile.

Tena bei yenyewe hakuipanga yeye. Sehemu kubwa ya nyuzi zetu huuzwa nje ya nchi, na bei hufuata soko la dunia, ambako nguvu za wakubwa ni nyingi. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika Magharibi, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka malalamiko katika Shirika la Biashara la Dunia, zikisema kwamba fedha ambazo serikali za nchi tajiri huwapa wakulima wao wa pamba zashusha bei ya pamba ya maskini. Brazil nayo iliishitaki Marekani kwa jambo hilo, na mwaka 2005 hukumu ya rufaa ikawa upande wa Brazil. Basi mkulima wetu asemapo kwamba anaonewa, hasemi ndoto.

Wala uonevu huu si wa jana. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pwani, katika wilaya ya Dar es Salaam na upande wa kusini, kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe. Kazi ilikuwa nyingi, na malipo yakawa madogo mno hata wengine walikataa kuyapokea. Mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba shambani, na hiyo ikawa alama ya kwanza ya vita vya Maji Maji, ambavyo vilimaliza maelfu mengi ya watu kwa risasi na kwa njaa. Hivyo pamba iliingia katika nchi yetu pamoja na dhuluma, na wazee wengi wamewarithisha wana wao neno hili, kwamba mwenye kununua pamba ni adui.

Ndiyo maana wapo wasemao: "Dawa ya moto ni moto. Aliyeanza kuiba ni yeye." Hili ni jibu lenye nguvu, wala tusilidharau. Hata hivyo twasema kwamba mchanga haufai, wala hatusemi hivyo kwa sababu ya amri tupu. Tuufuate mchanga wenyewe tangu guniani, tuone unakwenda kumpiga nani.

Karani mwenye kupunja haumpati. Yeye huchukua faida yake palepale, kisha gunia humwondokea. Mchanga husafiri mpaka kinuni, huko hula misumeno ya mashine, na jiwe likigonga chuma hutoa cheche, nazo zaweza kuwasha moto katika pamba kavu, pale wasimamapo vijana wetu waliokwenda kutafuta kibarua. Maji nayo huipasha joto pamba iliyo katika lundo. Nyuzi hugeuka rangi, na mbegu huharibika. Tukumbuke kwamba mbegu za kupanda mwaka ujao hutoka katika vinu vilevile. Mtu aliyemwagia pamba yake maji mwezi wa Juni asistaajabu ikiwa mwezi wa Desemba mbegu zimekataa kuota katika shamba la jirani yake, au hata katika shamba lake mwenyewe.

Tena mnunuzi akisha kujua kwamba baadhi ya magunia yana mchanga, hawezi kuyatambua yote. Basi huwakata watu wote, mwenye mchanga na asiye na mchanga. Mjane aliyechambua pamba yake usiku kwa taa hulipa deni la mchanga asioutia. Robota likisha kufungwa halina jina la mkulima, lina jina la nchi. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, wengi waligombania pamba hata wakaacha kutenga safi na fifi, na sifa ya pamba ya Tanzania, ambayo huchumwa kwa mikono na ilikuwa ikisifiwa kwa ajili hiyo, ikashuka katika masoko ya nje. Hivyo mchanga uliotiwa kwa ajili ya kumlipiza mtu mmoja umewapata watu ambao hawajaonana naye kamwe.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo. Silaha ya mnyonge mbele ya mizani ya uongo ni moja tu, nayo ni ushuhuda. Aweza kusimama mbele ya watu wote na kusema, "Gunia hili lilipimwa nyumbani, lina kilo 60. Mizani yako yasema 55. Na lipimwe tena." Ila mwenye mchanga hathubutu kusema hivyo, kwa kuwa karani atamjibu, "Vema, na lifunguliwe." Hunyamaza, hupokea fedha pungufu, huondoka. Hivyo wapunjaji wawili hutazamana, kila mmoja aijua siri ya mwenzake, na aliye mkubwa ndiye apataye faida. Mchanga haumpigi mwenye mizani ya uongo, bali humlinda. Ni kama mtu aliyejifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalalamika kwamba hasikiwi.

Walikuwako wakulima walioijua siri hii. Katika Jimbo la Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu walikuwa wamechoka kupunjwa na wanunuzi. Wao hawakuupiga uongo kwa uongo. Walitaka mizani iangaliwe na watu wao wenyewe waliojua kusoma kilo, tena wakajiunga katika vyama. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wao. Mwaka 1955 vyama vile vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, na kabla ya uhuru wa mwaka 1961 wakulima walikuwa wakiuza pamba yao kwa vyama vyao wenyewe, hata wakawa na vinu vyao. Watu waliodhaniwa kuwa hawajui hesabu walishinda kwa hesabu iliyo wazi.

Walakini tusiikate habari hii pale ilipo tamu. Miaka michache baadaye manung'uniko yakarudi, safari hii juu ya makarani na viongozi wa vyama, waliokuwa ndugu na jamaa za wakulima. Mwaka 1966 kamati ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika nchini iliona upungufu mwingi, na udanganyifu ukiwamo. Shirikisho la Victoria nalo likavunjwa miaka ile. Hapo twajifunza kwamba mizani ya uongo haina kabila wala rangi. Karani wa chama hatoki mbinguni, hutoka katika nyumba zetu. Kijana aliyeshika mdomo wa gunia baba yake alipotia mchanga amekwisha kufundishwa kazi. Siku atakapochaguliwa kuwa katibu atatumia mafundisho yale juu ya baba yake. Hata mizani mpya ya umeme, ionyeshayo namba yenyewe, ni mtu aifungaye na ni mtu aandikaye kitabuni.

Sasa na tuitazame Katekisimo yetu. Twaifundisha Amri ya Saba kwa watoto wa kipaimara, nao huisema kwa moyo. Lakini Dakta Luther, katika Katekisimo zake mbili za mwaka 1529, hakuiacha amri hii kwa mwizi wa usiku tu. Aliipeleka sokoni, kwenye bidhaa za hila na biashara ya udanganyifu, wala hakuogopa kusema kwamba wako wezi wakubwa waketio vitini kwa heshima. Tena alifundisha kwamba kutoiba hakutoshi, imetupasa kumsaidia jirani mali yake ipate kutunzwa na kuongezeka. Nabii Amosi naye, aliyekuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu, katika mlango wa 8 awakemea wafanyao kipimo kuwa kidogo, pamoja na wale wauzao takataka za ngano. Mizani na mchanga vimewekwa katika hukumu moja.

Kwa hiyo mhubiri akemeaye mchanga wa maskini na kuinyamazia mizani ya mwenye fedha, kwa sababu huyu hutoa sadaka kubwa siku ya mavuno, amelisoma neno nusu. Naye akemeaye mizani peke yake, ili apendwe na wakulima, amelisoma nusu ya pili. Mkulima apunjwaye anayo haki ya kudai, na kanisa lapaswa kusimama upande wake mpaka gunia lake lipimwe tena. Ila asimame na gunia safi.

Yako mambo madogo ambayo kila mtaa waweza kuyafanya. Washarika wachange wanunue mizani yao moja, iwekwe mahali pa wazi, kila mtu apime kabla ya kwenda kuuza na kuandika kilo zake. Wasiende mmoja mmoja kama waendao kuficha neno, bali waende watano au sita, mmoja wao ajuaye kusoma mizani vizuri. Mzee wa kanisa aliye katibu wa chama cha msingi akubali kitabu chake kusomwa mbele ya wanachama wote, wala asione ni kudharauliwa, maana mwenye haki hufurahia taa. Na mwalimu afikapo Amri ya Saba, awaulize watoto habari za gunia na za mizani, wala asiulize habari za kuku wa jirani peke yake.

Je, mkulima aliye mwaminifu atalipwa zaidi mwaka huu? Hatuwezi kumwahidi hivyo, wala si haki kumdanganya kwa jina la Mungu. Huenda atapunjwa tena, naye jirani yake mwenye mchanga akapata shilingi kadhaa juu yake. Lakini yeye anacho kitu ambacho yule mwingine amekiuza pamoja na pamba yake, yaani kinywa cha kusema. Watu kumi wenye vinywa vya namna hiyo wakisimama pamoja mbele ya mizani, mwenye kupunja hutetemeka. Bwana wa mavuno atujalie watu kumi katika kila mtaa.