Nguva Ana Rangi Gani?

Watu wa pwani yetu, toka Tongoni na Tanga mpaka Lamu, wana jina moja kwa viumbe viwili. Nguva ni yule mnyama wa baharini anyonyeshaye mtoto wake, mwenye ngozi ya kijivu, ambaye siku hizi haonekani ila kwa nadra sana. Na nguva ni yule mwanamke wa hadithi, nusu mtu, nusu samaki. Mvuvi akiulizwa rangi ya nguva atajibu juu ya yule wa kwanza, maana wa pili hakuna aliyemwona.

Hata hivyo rangi ya huyo wa pili imewagombanisha watu wa nchi nyingi. Mwezi wa Julai 2019 kampuni ya Disney ya Marekani ilitangaza kwamba katika kuitengeneza upya, kwa watu hai badala ya picha za kuchora, sinema yake ya mwaka 1989 juu ya nguva mdogo, binti huyo ataigizwa na Halle Bailey, mwimbaji Mmarekani mweusi. Kelele zikaanza mara moja, zikazidi Septemba 2022 kipande cha kwanza kilipoonyeshwa, wala hazikuwa zimekwisha sinema yenyewe ilipotoka Mei 2023. Wengi walisema hadithi ni ya Denmark, iliandikwa na Hans Christian Andersen mwaka 1837, basi na msichana awe Mzungu. Siku zilezile wazazi weusi waliwapiga picha binti zao wadogo wakikitazama kipande kile, watoto wakishangaa kwa furaha kumwona nguva mwenye sura kama zao.

Yatupasa kuwa wa haki kwa wale waliolalamika. Andersen aliieleza ngozi ya binti yule kuwa nyororo kama jani la waridi, na macho yake kuwa ya buluu kama bahari yenye kina. Asemaye kwamba kitabu kinamchora msichana wa Kizungu hasemi uongo. Lakini sivyo hadithi inavyopimwa. Iondoe ile rangi, kisha utazame kama kisa kimeanguka. Ukimwondolea nguva sauti yake, hadithi imekwisha, kwa kuwa ni sauti hiyo aliyoitoa kwa mchawi apate miguu. Ukiyaondoa maumivu yake, kila hatua kama kukanyaga visu, hakuna tena hadithi. Ukibadili rangi ya ngozi yake, mawimbi ni yaleyale, na mwana wa mfalme ni yuleyule asiyejua ni nani aliyemwokoa.

Na hapa ndipo tunaposhangaa. Katika kitabu, nguva hatafuti mume tu. Bibi yake amemfundisha kwamba nguva huishi miaka 300 kisha hugeuka kuwa povu la bahari, lakini mwanadamu ana roho isiyokufa. Hiyo roho ndiyo aitamaniyo. Mwana wa mfalme anaoa mwingine; dada zake wanamletea kisu amwue bwana huyo ili yeye apone; naye anakitupa baharini, akubali kufa. Kwa ajili ya kukataa huko anapokewa miongoni mwa binti za hewa, apate kuitafuta roho kwa matendo mema. Hayo yote hayamo katika sinema ya 1989, wala katika ile ya 2023. Humo binti anampata mchumba wake, watu wanashangilia. Basi wale waliojifanya walinzi wa kitabu walikesha mlangoni kuilinda ngozi, hali roho ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kwa dirishani zaidi ya miaka 30 nyuma, wala hatukusikia kelele ya namna ile.

Hatusemi kwamba kila badiliko ni sawa. Katika kisa cha Snow White, kilichochapwa na ndugu Grimm mwaka 1812, malkia anajichoma kidole, damu inadondoka juu ya theluji, naye anaomba mtoto mweupe kama ile theluji. Rangi imo ndani ya jina lenyewe. Sinema ya mwaka 2025, ambamo Rachel Zegler, ambaye mama yake ana asili ya Kolombia, alikuwa binti huyo, ililazimika kubuni sababu nyingine ya jina: dhoruba ya theluji usiku wa kuzaliwa kwake. Kiraka hicho chaonekana.

Tena historia si ngano. Mwaka 2023, Netflix ilipomwonyesha malkia Cleopatra kwa sura ya mwanamke mweusi, katika kipindi kilichojiita cha kweli, Wamisri wengi walikasirika. Malkia huyo alikuwa wa ukoo wa Kimakedonia. Asemaye "ndivyo ilivyokuwa" ana deni ambalo asemaye "hapo kale" hana.

Deni hilo nasi tunalidai. Pale Tongoni pamesimama magofu ya msikiti wa karne ya 14 au ya 15, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa bakuli za China. Kwa muda mrefu vitabu viligawa nafasi za kucheza katika kisa cha miji kama huo: Mshirazi au Mwarabu alipewa kuwa mfalme na mjenzi, Mwafrika akapewa kuchukua mawe. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza walichokisoma katika mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania: kwa wengi wa watu wa miji hiyo, nusu na zaidi ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ile ya Kiajemi ilikuja hasa kwa baba. Mgeni alikuwapo, lakini mama mwenye nyumba hakutajwa. Huo nao ulikuwa uchaguzi wa wachezaji, ila haukuwa wa sinema.

Sisi wenyewe tumezoea kuvaa sura za wengine bila kuona haya. Mwalimu Nyerere alifasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapwa mwaka 1963, na vijana weusi wakaweza kuwa Warumi kwa Kiswahili. Na Waingereza walimwona Laurence Olivier, Mzungu, akipakwa rangi nyeusi awe Othello katika sinema ya mwaka 1965, wakamsifu. Sijui wale wa kelele za nguva walikuwa wapi. Labda hawajazaliwa.

Lakini tusiwacheke sana Wamarekani. Katika michezo ya Noeli ya shule na parokia zetu tumeona zaidi ya mara moja mtoto mweupe kuliko wenzake akipewa kuwa Bikira Maria, na mweusi zaidi akipewa kuwa askari wa Herode. Hakuna aliyeamuru, na hakuna aliyeuliza. Yule askari mdogo anakwenda nyumbani na jambo alilofundishwa bila maneno, na baada ya miaka michache twashangaa kumkuta dada yake na kopo la dawa ya kujichubua, ambayo serikali imeipiga marufuku.

Rob Marshall, mwongozaji wa sinema ile, alipotangaza jina la Halle Bailey alitaja moyo wake, ujana wake na uzuri wa sauti yake ya kuimba. Kwa nguva, hicho ni kipimo cha haki, kwa maana sauti ndiyo mali yake yote. Mwalimu wa mchezo wa Noeli naye anacho kipimo cha namna hiyo. Malaika Gabrieli ana ujumbe wa kupeleka. Mtoto ambaye maneno yake hayafiki benchi la pili hafai kuwa Gabrieli, hata awe mweupe kama pamba, wakati yule wa kundi la askari anasikika mpaka nje ya kanisa.